Wiki Nzima ya Mbizi Pwani: Mwongozo Kamili kwa Klabu

Mengi yanayovuruga safari ya klabu ya wapiga mbizi huwa yameshapangwa vibaya kabla mtu hajalowa. Mitungi inapungua siku ya tatu kwa kuwa hakuna aliyepiga hesabu ya kompresa, mashine ya kujaza mitungi hewa. Mkondo unawashinda watu kwa kuwa wiki ilichaguliwa kwa kufuata likizo, na jedwali la maji kujaa na kupwa halikufunguliwa. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu kuchagua tarehe hadi vifaa vikauke na kurudi stoo. Hesabu zote ni za kundi la watu 12 wanaopiga mbizi mbili kwa siku. Kundi lako likiwa tofauti, badilisha tarakimu. Njia ya kukokotoa ni ile ile.

Anza na siku ya kurudi

Chukua kalenda na uandike kwanza saa ya kuondoka pwani, halafu panga kurudi nyuma. Baada ya mbizi za siku kadhaa mfululizo mwili unakuwa umebeba naitrojeni inayohitaji muda kutoka, na ndani ya ndege shinikizo la hewa hushuka mpaka likafanana na la mlimani, kwenye mita 1,800 hadi 2,400. Miongozo ya Divers Alert Network (DAN), shirika la usalama wa wapiga mbizi, inataka angalau saa 12 kati ya mbizi moja na safari ya ndege, na angalau saa 18 kwa aliyepiga mbizi nyingi au za siku nyingi. Ushauri wetu ni klabu iweke saa 24 kama kanuni yake, na 18 iwe mpaka ambao hata mwenye haraka hauruki. Barabara inayopanda milima ihesabiwe kama ndege.

Kwa mfano, ndege inaruka Jumapili saa 4 asubuhi. Ukirudi nyuma saa 24, mtu wa mwisho anatakiwa awe ametoka majini Jumamosi saa 4 asubuhi. Ratiba inajipanga yenyewe kutoka hapo: kufika Jumapili iliyotangulia, Jumatatu mbizi ya kujipima na nyingine nyepesi, Jumanne na Jumatano mbizi mbili mbili, Alhamisi mapumziko, Ijumaa mbizi mbili, Jumamosi mbizi moja ya mapema isiyozidi mita 15, kisha kuosha na kufunga mizigo. Jumla ni mbizi tisa.

Wanachama watataka kupiga mbizi hata Alhamisi hiyo. Usikubali. Naitrojeni hujilimbikiza siku hadi siku, uchovu nao vivyo hivyo, na masikio yaliyoanza kuuma Jumatano hupata nafasi ya kupoa. Upepo ukiharibu Jumanne, Jumanne ndiyo inakuwa siku ya mapumziko na Alhamisi mnaingia majini. Msijaribu kufidia kwa mbizi tatu au nne kwa siku.

Chagua wiki kwa kuangalia mwezi

Maji ya bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji mafu huja karibu na robo ya kwanza na robo ya mwisho. Wakati wa bamvua maji hujaa sana na kupwa sana, mikondo inakuwa mikali na mara nyingi matope huinuka. Kwa klabu yenye wanafunzi, tafuta wiki ambayo robo ya mwezi inaangukia siku moja au mbili kabla ya katikati yake.

Katika pwani zenye maji kujaa mara mbili kwa siku, kila siku saa za maji husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo maji yakisimama (yakiacha kujaa au kupwa) saa 2:00 asubuhi Jumatatu, Jumamosi yatasimama karibu na saa 6:10 mchana. Mratibu aliyeahidi boti ya saa 2 kila siku atajikuta kuanzia Alhamisi anawapeleka watu kwenye mkondo ulio katika nguvu zake zote. Sababu iko kwenye mgawanyo wa maji: katika saa sita za kujaa au kupwa, saa ya kwanza hupita sehemu 1 kati ya 12, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2 na ya sita 1. Nusu ya maji yote hupita ndani ya saa mbili za katikati. Ingieni majini dakika 20 hivi kabla maji hayajasimama ili mbizi imalizike mkondo mpya ukiwa bado mchanga.

Jedwali la maji hutaja urefu wa maji. Mkondo wa mahali penyewe ni suala jingine. Kwenye mlango wa ghuba au kati ya visiwa, mkondo unaweza kuendelea kukimbia hata maji yakiwa yameshafika juu kabisa. Hilo muulize nahodha wa hapo, na muulize kabla ya kulipia boti. Zipo pia pwani zenye maji yanayojaa mara moja tu kwa siku, na bahari kama Mediteranea ambako sehemu nyingi kujaa na kupwa ni kudogo. Huko upepo ndio mwamuzi.

Watu na majukumu

Miezi mitatu kabla, kila mtu ajaze fomu yenye cheti chake, tarehe ya mbizi ya mwisho, kina alichozoea, dawa anazotumia na mtu wa kupigiwa simu. Pumu, moyo, kifafa, upasuaji wa hivi karibuni wa sikio au kifua: hawa waende kwa daktari anayeelewa mbizi na warudi na barua. Bima iseme wazi kwamba inagharamia tiba ya chumba cha shinikizo (kinakotibiwa ugonjwa wa mgandamizo, unaoelezwa mbele) na usafiri wa dharura. Bima nyingi za safari za kawaida huiacha mbizi nje.

Kazi zigawanywe kwa majina: mratibu wa safari, kiongozi wa mbizi (abadilike kila siku ili naye apate kupiga mbizi kwa utulivu), msimamizi wa hewa, na mwandishi wa orodha ya botini. Huyu wa mwisho haingii majini siku ya zamu yake.

Hesabu ya hewa

Mtungi wa lita 12 wenye baa 200 (baa ni kipimo cha shinikizo) una lita 2,400 za hewa. Ukiweka akiba ya baa 50, zinabaki baa 150 za kutumia, yaani lita 1,800. Mtu mtulivu hutumia takriban lita 20 kwa dakika akiwa juu. Chini, zidisha kwa shinikizo la kina hicho: mita 10 ni lita 40 kwa dakika, mita 20 ni 60, mita 30 ni 80. Lita 1,800 zitampa dakika 45, 30 na 22. Anayeanza, au aliyeganda kwa baridi, anaweza kufikisha lita 30 kwa dakika akiwa juu, na hapo dakika 30 za mita 20 zinakuwa 20. Kila jozi ipangwe kwa pumzi ya anayemaliza haraka.

Sasa kompresa. Kompresa ya kubebeka ya lita 100 kwa dakika hurudisha lita 1,800 kwa dakika 18. Watu 12 mara mbizi mbili ni mitungi 24 kwa siku: dakika 432, zaidi ya saa 7 za injini bila kupumzika. Ongeza dakika nne kwa kila mtungi za kufunga, kufungua na kutoa maji kwenye vichujio, unakaribia saa 9. Mtu wenu mmoja atakuwa amekuja pwani kulinda injini. Kama kuna kituo kinachojaza mitungi umbali wa kufikika, lipeni kujaziwa, na kompresa ya klabu mwende nayo tu mahali pasipo na kituo. Hapo leteni mitungi miwili kwa kila mtu, mjaze jioni, na msimamizi wa hewa awe na msaidizi.

Mambo manne huharibu hewa au mtungi kwenye kujaza:

1. Mdomo wa kuvutia hewa ukiwa upande ambao upepo unapeleka moshi. Kaboni monoksidi haina harufu, na kina huongeza makali yake. Weka mdomo upande upepo unakotoka, juu na mbali na moshi wa injini yoyote, boti na magari yakiwemo, na uangalie tena kila upepo unapogeuka.
2. Kichujio kilichopitiliza saa zake. Andika saa za kazi kwenye daftari la kompresa kila siku. Joto kali na unyevu wa pwani hufupisha maisha ya kichujio, kwa hiyo beba cha akiba.
3. Kusahau kutoa maji. Fungua vali za kutolea maji kila dakika 10 hadi 15.
4. Kujaza kwa pupa. Mtungi huwaka moto, geji inasoma 200, na ukipoa unakuta 180 au chini yake. Jaza polepole, acha upoe, ongeza.

Mtungi uliojaa uzibwe kwa kipande cha utepe juu ya vali. Mtupu usiwe na utepe. Asubuhi yenye haraka, alama hiyo inaonekana kwa kutupa jicho. Kila mtu apime mtungi wake mwenyewe kwa geji, anuse hewa yake, na kama ina harufu ya mafuta au moshi, mtungi ule na yote iliyojazwa nao iwekwe kando. Mitungi ya hewa yenye oksijeni nyingi ibandikwe asilimia na kina cha mwisho: ya asilimia 32, kwa kikomo cha shinikizo la oksijeni cha baa 1.4, mwisho wake ni mita 33.

Oksijeni na mpango wa dharura

Mgonjwa mmoja hupewa lita 15 za oksijeni kwa dakika kwa barakoa yenye mfuko. Mtungi wa lita 2 wenye baa 200 una lita 400 na huisha kwa dakika 26. Wa lita 10 hufika dakika 133. Pima muda halisi: kutoka eneo la mbali kabisa mnalopigia mbizi hadi ufukoni, na kutoka ufukoni hadi hospitali yenye oksijeni. Ikiwa jumla ni dakika 100, mtungi mdogo wa lita 2 ni pambo. Kumbuka pia kwamba wawili wa jozi moja wamepiga mbizi ile ile, kwa hiyo anaweza kuugua mmoja au wote. Wagonjwa wawili wanamaliza mtungi wa lita 10 kwa dakika 66.

Karatasi moja, isiyoingia maji, iandikwe: namba ya huduma ya uokoaji baharini, hospitali ya karibu, chumba cha tiba ya shinikizo kilicho karibu, namba ya bima, na alama za ramani za kila eneo la mbizi. Nakala moja botini, moja ufukoni, moja kwenye gari. Piga simu chumba cha shinikizo wiki moja kabla na uulize kama kinafanya kazi na saa zipi, kwa sababu vyumba hivi hufungwa kwa matengenezo na orodha za zamani hubaki zikizunguka.

Vifaa na mizigo

Regyuleta, vifaa vya kuvutia hewa kutoka mtungini, zifanyiwe huduma wiki sita kabla, kisha zijaribiwe bwawani. Hitilafu nyingi hujitokeza mara tu baada ya huduma, hasa hewa kumwagika bila kukoma, na ni heri zijitokeze penye kina cha mita 3. Soma tarehe ya ukaguzi iliyogongwa kwenye shingo ya kila mtungi. Iliyopita muda haitajazwa na kituo chochote makini.

Suti zifuate joto la maji ya chini, maana kina kikiongezeka joto laweza kushuka ghafla. Nyuzi 26 na zaidi, milimita 3 zinatosha; 20 hadi 25, milimita 5; chini ya hapo, milimita 7 na kofia. Anayepiga mbizi tisa kwa wiki hupoteza joto kidogo kidogo kila siku, kwa hiyo ukisita kati ya mbili chukua iliyo nzito.

Sanduku la akiba: vipete vya mpira vya vali (angalau 20, ndivyo vinavyopasuka mara nyingi kuliko kitu kingine chochote), grisi ya silikoni, mikanda ya mapezi na ya miwani, midomo ya regyuleta na vifungo vyake vya plastiki, bomba moja la shinikizo kubwa na moja la dogo, betri za kompyuta za mbizi, regyuleta nzima ya ziada, na viunganishi vya DIN (vya kuzungushwa kama skrubu) na vya kibanio. Kituo cha ugenini kinaweza kuwa na vali za aina moja tu.

Uzito wa mizigo uangaliwe. Mtungi wa chuma wa lita 12 uliojaa unakaribia kilo 17. Mitungi 24 ni kilo 408. Risasi (vipande vya uzito vya kumsaidia mtu kuzama) za kilo 8 kwa watu 12 ni kilo 96. Pamoja na kompresa unavuka nusu tani kabla ya begi la kwanza, kwa hiyo trela na breki zake zikaguliwe kwa mzigo huo. Mitungi ilazwe ikiwa imefungwa isibiringike, vali zikilindwa. Oksijeni ikae mbali na mafuta na grisi ya kawaida.

Siku ya kwanza majini

Mbizi ya Jumatatu ifanyike kwenye mita 6 hadi 10, mahali penye mchanga, bila mkondo. Kazi yake kuu ni risasi. Waliofunzwa kwenye bwawa au ziwa watakuta maji ya chumvi yanawabeba juu: maji ya bahari ni mazito kwa takriban asilimia 2.5, kwa hiyo mtu ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 100 anahitaji kilo 2.5 za ziada. Mpimeni kila mmoja mwishoni mwa mbizi, mtungi ukiwa na baa 50, jaketi la kuelea likiwa tupu, kwenye mita 5. Akiweza kutulia hapo kwa pumzi ya kawaida, ameshapata uzito wake. Ukimpima mwanzoni mtungi ukiwa umejaa, ongeza kilo 2, kwa sababu hewa atakayotumia ina uzito huo; asipoongezewa, mwisho wa mbizi atapanda juu bila kutaka, akipita kina anachopaswa kusimama.

Baada ya risasi, kila jozi irudie kutoa maji kwenye miwani, kupeana hewa na kupandisha boya la kuashiria. Aliyekaa mwaka bila mbizi aongozwe na mwenye uzoefu siku nzima.

Botini, kila siku

Maelezo kabla ya kuingia yawe mafupi: kina cha mwisho, muda, uelekeo, baa ya kugeukia, na la kufanya mwenzi akipotea (tafuta dakika moja, kisha panda taratibu na mkutane juu). Kupanda ni mita 9 hadi 10 kwa dakika na kusimama mita 5 kwa dakika 3. Bendera ya Alfa, nyeupe na bluu, inayoonya kuwa kuna wapiga mbizi majini, ipande kabla mtu wa kwanza hajaruka na ishuke baada ya wa mwisho kupanda. Mtu akiwa karibu na ngazi, injini iwe imetolewa gia, pangaboi halisubiri.

Kuhesabu watu kunastahili uzito wa pekee. Mnamo Januari 1998 wapiga mbizi wawili Wamarekani, Tom na Eileen Lonergan, waliachwa baharini kwenye Great Barrier Reef nchini Australia. Boti ilirudi bila wao, na siku mbili zikapita kabla ya mtu kushtuka. Hawakupatikana tena. Kosa la aina hii ni jepesi kutokea: watu wanatembea botini, mmoja anarudi majini kufuata pezi, mwingine anamjibia rafiki yake, na idadi inatokea kuwa sawa.

Utaratibu unaofaa uwe huu. Mwandishi wa orodha anaandika jina, saa ya kuingia na baa. Mtu akitoka majini anakwenda mwenyewe kwa mwandishi, anataja saa na baa zilizobaki, na kuning'iniza kibao chenye jina lake. Kabla ya kuondoka kila mtu anaketi, majina yanaitwa moja moja, na kila mmoja anajibu kwa kinywa chake huku akitazamwa usoni. Hakuna kujibiana. Mtu wa pili anahesabu vichwa bila kuangalia orodha. Nahodha anawasha injini wote wawili wakikubaliana.

Jozi ikichelewa dakika 10 kupita muda wake, msikae mkibishana. Dondosheni boya mahali mlipo, andikeni saa na uelekeo wa mkondo, na muite msaada kwa redio ya VHF chaneli ya 16: "Mayday" mara tatu, jina la boti, mahali, tatizo, idadi ya watu. Kumwambia mwokoaji arudi kwa kuwa wamepatikana hakuna hasara.

Kati ya mbizi wekeni angalau saa moja na nusu, kivulini, kila mtu akinywa maji. Anayeumwa na bahari ameze dawa saa moja kabla ya boti, na awe ameshaijaribu nchi kavu, kwa kuwa nyingi huleta usingizi.

Masikio

Kufikia siku ya tatu au ya nne, masikio ndiyo yanayowatoa watu majini. Kuna matatizo mawili tofauti. La kwanza ni kushindwa kusawazisha shinikizo: anza kusawazisha ukiwa juu, rudia kila nusu mita au mita, shuka miguu ikitangulia, na sikio likigoma panda mita moja kabla ya kujaribu tena. Kulazimisha kunaweza kupasua ngoma ya sikio. Mwenye mafua abaki botini. Dawa ya kufungua pua inaweza kuisha nguvu akiwa chini, hewa ikanaswa wakati wa kupanda.

La pili ni maambukizi ya njia ya sikio iliyolowa wiki nzima. Suuza masikio kwa maji yasiyo na chumvi baada ya kila mbizi na ukaushe kwa taulo bila kuingiza pamba. Matone yenye asidi ya asetiki husaidia kuzuia, lakini asitumie mwenye tundu kwenye ngoma ya sikio au ambaye tayari ana maumivu.

Dalili za ugonjwa wa mgandamizo

Ugonjwa huu huja naitrojeni iliyobebwa mwilini ikigeuka viputo. Dalili zake: maumivu ya viungo, ganzi, vipele au madoa ya ngozi, kizunguzungu, udhaifu wa miguu, shida ya kukojoa, uchovu usio wa kawaida. Dalili nyingi hujitokeza ndani ya saa sita, nyingine huchelewa. Adui mkubwa ni kujipa sababu: "nilibeba mtungi vibaya". Dalili yoyote baada ya mbizi ichukuliwe kuwa ni ugonjwa huu mpaka daktari aseme vingine.

Mlaze mgonjwa chali, mpe oksijeni asilimia 100 mara moja hata kama dalili ni ndogo, mpe maji kidogo kidogo akiwa na fahamu kamili, na upige simu ile ya kwenye karatasi. Oksijeni ikimpa nafuu, safari ya hospitali haifutwi. Asirudishwe majini "kumtibu". Kompyuta yake ya mbizi isafiri pamoja naye, na mwenzi wake wa mbizi asiachwe peke yake.

Kufunga safari

Jumamosi osheni vifaa kwa maji yasiyo na chumvi, mkianza na kofia ya vumbi ya regyuleta ikiwa kavu na imefungwa vizuri. Kitufe cha kusukuma hewa kisibonyezwe regyuleta ikiwa majini bila mtungi, maana maji yatapanda ndani ya bomba. Jaketi lioshwe na ndani pia, kisha liachwe limejaa hewa nusu. Kaushieni kivulini, jua hula mpira. Kifaa chenye hitilafu kifungwe kadi inayosema kasoro, tarehe na aliyeigundua, la sivyo kitarudi rafuni na kutolewa kwa mwanafunzi wa msimu ujao. Mitungi ihifadhiwe na baa 20 hadi 30 ili unyevu usiingie.

Mratibu abaki na simu yake wazi kwa saa 48 baada ya watu kutawanyika, na kila mwanachama aondoke na namba ya chumba cha shinikizo kilicho karibu na nyumbani kwake.